Samaki Wasio na Bei: Barbasi Wadogo, Vinamasi vya Mafunjo na Historia ya Utafiti wa Uvuvi katika Bonde la Ziwa Viktoria

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya samaki wadogo wa maji baridi wa jenasi Enteromius, ambao hapa tunawaita barbasi, katika vijito na vinamasi vya mafunjo vilivyolizunguka Ziwa Viktoria. Tunadai kwamba tangu uvuvi wa ziwa hili uanze kuandikwa kwa tarakimu, samaki aliyehesabiwa ni yule aliyekuwa na bei sokoni. Asiyekuwa na bei hakupewa safu katika jedwali, na makao yake yakaingia katika mipango ya serikali kwa jina la ardhi isiyotumika. Tunapitia maandishi ya kisayansi kuanzia mwaka 1852, kisha tunakaa zaidi katika mifano miwili: Ziwa Nabugabo nchini Uganda na kinamasi cha Yala nchini Kenya. Katika kulinganisha mifano hiyo tunaonyesha kwamba kimbilio linalomfaa samaki akaaye mahali pamoja si lazima limfae samaki ahamaye na mvua, jambo ambalo sera za ardhi oevu za kanda yetu hazijalipa uzito.

1.0 Utangulizi

Anayefungua taarifa yoyote ya takwimu za uvuvi wa Ziwa Viktoria atakutana na majina yale yale: sangara, sato, dagaa, furu. Mara nyingine ataongezewa kambare na kamongo. Chini kabisa ya jedwali atakuta safu ya "wengineo". Makala haya yanahusu sehemu ndogo ya hao wengineo, nayo ni sehemu ambayo hata ndani ya safu hiyo haionekani, kwa kuwa samaki wake hawafikishwi katika mialo ambako makarani wa takwimu husimama na mizani.

Barbasi wadogo ni wa familia ya Cyprinidae. Umbo lao ni la samaki wa kawaida: mwili mwembamba wenye magamba ya rangi ya fedha, pezi moja la mgongoni, na sharubu fupi pembeni mwa mdomo ambazo ndizo zilizowapa jina lao la Kilatini. Wengi wao hawazidi sentimita 10 wakikomaa, na Enteromius apleurogramma huishia karibu sentimita 5 tu. Hula wadudu wa majini, mabuu, mwani na mabaki ya mimea. Wao wenyewe huliwa na kambare, ndege wa kinamasini, fisi maji, na binadamu wa kandokando ya vijito. Waluo wa Winam huwaita adel. Kiswahili sanifu hakijawa na jina moja lililozoeleka la kuwataja, na jambo hilo tutalirudia mwishoni kwa sababu si dogo kama linavyoonekana.

Msomaji anaweza kuuliza kwa haki: kwa nini historia ya samaki asiye na soko? Tumeichagua kwa sababu mipango inayohusu ardhi oevu katika nchi zetu inaandikwa sasa, mfereji kwa mfereji na tuta kwa tuta, na kila tathmini ya athari kwa mazingira huanza kwa kuuliza ni kitu gani kilikuwapo hapo kabla. Kwa barbasi, jibu la swali hilo limetawanyika katika maandishi ambayo hayakuandikwa kwa ajili yao.

2.0 Kuingia katika vitabu

Barbasi wa Afrika Mashariki waliingia katika vitabu vya sayansi wakiwa ndani ya chupa za pombe kali. Wilhelm Peters wa Berlin, aliyesafiri Msumbiji katika miaka ya 1840, alimweleza mmoja wao mwaka 1852 na kumpa jina linalotokana na kinamasi: paludinosus. Mwaka 1868 Peters huyo huyo alimpa mwingine jina la Otto Kersten, mwanasayansi aliyefuatana na Baron von der Decken katika safari zake za bara. Mwaka 1884 Johann Gustav Fischer wa Hamburg alichapisha maelezo ya wanyama watambaao, vyura na samaki waliokusanywa na daktari Gustav Adolf Fischer katika nchi ya Wamasai. Wawili hao wana jina moja la ukoo, na mara kwa mara huchanganywa. Katika samaki hao alikuwamo neumayeri, ambaye ataonekana sana katika kurasa zifuatazo. Mwaka 1889 Albert Günther wa London aliandika juu ya samaki wa wilaya ya Kilimanjaro na kumpa mmoja jina la Frederick Jackson, ambaye baadaye alikuwa Gavana wa Uganda. George Boulenger akamaliza awamu hiyo kwa katalogi yake kubwa ya samaki wa maji baridi wa Afrika, iliyotoka kwa juzuu nne kati ya 1909 na 1916.

Tukiyatazama majina hayo kama hati za kihistoria, yanatuambia zaidi juu ya misafara kuliko juu ya samaki. Mengi ni majina ya wasafiri na wafadhili. Mawili tu katika tuliyoyataja yana habari ya samaki mwenyewe: paludinosus, yaani wa kinamasi, na apleurogramma la Boulenger, yaani asiye na mstari wa ubavuni. Wapagazi wa pwani waliobeba mizigo ya misafara hiyo hawakupata samaki wa jina lao, wala watu wa vijijini ambao bila shaka walikuwa na majina ya samaki hawa muda mrefu kabla ya chupa kufika.

Kuna upungufu mwingine wenye uzito zaidi kwa watafiti wa leo. Msafiri hukusanya pale anapopiga kambi, na kambi hupigwa penye kivuko na maji ya kunywa. Ndiyo maana sampuli za kwanza zinatupa sehemu na mwaka, lakini hazitupi makao. Hatujui kama samaki alikuwa katika mkondo wenye kasi, katika dimbwi lililoachwa na mafuriko, au chini ya mafunjo. Peter Humphry Greenwood, aliyefanya kazi Jinja katika miaka ya 1950, alilazimika kuyapanga upya majina mengi ya barbasi hao katika kazi yake ya 1962, na sehemu ya usumbufu wake ilitokana na hali hiyo. Samaki wale wale walikuwa wamepewa majina tofauti kwa sababu walitoka kambi tofauti.

Majina yamebadilika tena karibuni. Jina la jenasi Enteromius, lililotungwa na Edward Cope mwaka 1867 na kuachwa kwa muda mrefu, lilirudishwa kuanzia mwaka 2015 ili kuwatenga barbasi wadogo wa Afrika na Barbus wa Ulaya. Kwa mwanasera hili lina maana ya moja kwa moja: anayetafuta kumbukumbu za kijito fulani kwa jina jipya peke yake ataambiwa hakuna kitu, ilhali kumbukumbu zipo zikiwa chini ya jina la Barbus. Tumeona tathmini zilizoandika "hakuna kumbukumbu za awali" kwa kosa hilo tu.

3.0 Miaka ya tarakimu

Mwaka 1905 nyavu za makila zililetwa katika Ghuba ya Kavirondo, inayoitwa Winam leo. Zilivua vizuri mno. Kufikia miaka ya 1920 malalamiko ya kupungua kwa ngege yalikuwa yamezifikia serikali za kikoloni, na Michael Graham akatumwa kuufanyia ziwa uchunguzi mnamo 1927 na 1928. Taarifa yake ya 1929 ndiyo msingi wa elimu ya uvuvi wa ziwa hili. Ngege alikuwa kiini cha kazi hiyo kwa sababu ngege ndiye aliyekuwa akisafirishwa kwa reli na kuuzwa mijini. Hatumlaumu Graham. Alipewa swali, naye akalijibu. Lakini swali lile liliendelea kuulizwa na waliomfuata hata baada ya kuundwa kwa Shirika la Utafiti wa Uvuvi la Afrika Mashariki huko Jinja mwaka 1947: samaki gani anauzika, na je, anapungua?

Hata hivyo, walikuwapo watu waliotazama pembeni. Peter Whitehead aliandika mwaka 1959 juu ya uvuvi wa mito ya Jimbo la Nyanza, na pia juu ya samaki wa ziwani wanaopanda mito kutaga. Maandishi yake yanatupeleka kwenye uvuvi ambao haukuwa na mizani: nyuzio za fito zilizokatiza mto, migono iliyopangwa katika mianya yake, na vikapu vya kusombea samaki kwenye maji mafupi. Uvuvi huo uliongozwa na kalenda ya mvua. Samaki mkubwa aliyetafutwa alikuwa ningu, ambaye nyavu za makila zilizotegwa kwenye milango ya mito zilimkata njia akiwa amejaa mayai, hadi uvuvi wake ukaporomoka. Kisa cha ningu kinafahamika vizuri. Kinachosahaulika ni kwamba mto ule ule, katika mafuriko yale yale, ulikuwa ukipandwa na samaki wengine wadogo ambao matundu ya nyavu hayakuwahusu hata kidogo.

Philip Corbet, katika utafiti wake wa chakula cha samaki wasio wa jamii ya ngege na furu uliotoka mwaka 1961, alitoa wazo ambalo kwa maoni yetu halikupata wasikilizaji liliostahili. Alionyesha kwamba samaki wengi wa kundi hilo ni watu wa mtoni waliohamia ziwani, na bado wanaishi kwa kutegemea desturi za mtoni. Ngege na furu wameyafanya maji ya ziwa kuwa kwao kabisa. Hutaga ziwani na kulea ziwani. Barbasi hawakufanya hivyo. Ukiwatenga na mto umewatenga na uzazi.

Jambo hilo lilionekana kwa karibu zaidi katika kazi ya Robin Welcomme ya mwaka 1969 juu ya kijito kimoja kidogo kinachoingia ziwani upande wa kaskazini, nchini Uganda. Kijito cha namna hiyo mtu mzima hukivuka kwa hatua chache, na wakati wa kiangazi hubaki mfululizo wa madimbwi. Mvua kubwa ikianza maji hupanda, hufurika kwenye majani ya kingo, na samaki hupanda nayo kutoka ziwani na kinamasini. Hutaga kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Mayai na watoto hukua hapo kwa muda mfupi, penye chakula kingi na maadui wachache, kisha hurudi chini maji yanapopungua. Mvua za vuli zikija, mwendo huo hujirudia. Kwa hiyo makao ya barbasi si sehemu moja inayoweza kuzungushiwa mstari katika ramani. Ni njia yenye miisho miwili na sehemu ya katikati, na inafanya kazi mara mbili kwa mwaka kwa majuma machache.

Sehemu ya katikati ya njia hiyo, katika pwani kubwa ya ziwa hili, ni kinamasi cha mafunjo.

4.0 Maji meusi

Katika karatasi za utawala wa kikoloni mafunjo ni kero: yanaziba mito, yanazuia meli, yanazaa mbu. Ilikuwa kazi ya G. S. Carter juu ya vinamasi vya mafunjo vya Uganda, iliyochapishwa mwaka 1955, iliyoeleza kwa vipimo kinachotokea chini yake. Mafunjo hufunika maji kiasi kwamba mwanga haupenyi na upepo hauyatikisi. Majani na mizizi iliyokufa huoza humo humo, na uozo hula oksijeni. Matokeo ni maji ya rangi ya chai nzito, yenye oksijeni kidogo sana, na mara nyingine yasiyo nayo kabisa karibu na tope.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba maji ya namna hiyo ni ya kamongo na kambare, ambao huvuta hewa ya juu, na si ya samaki anayetegemea matamvua peke yake. Barbasi walilikanusha wazo hilo. Mwaka 1995 Lauren Chapman na Karel Liem walichapisha utafiti wao juu ya neumayeri katika kinamasi cha mafunjo ndani ya msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda. Samaki huyu hana kiungo cha kuvutia hewa. Oksijeni ikipungua mno hupanda hadi juu kabisa na kuyapitisha kwenye matamvua maji ya utando wa juu, yale yanayogusana na hewa. Tafiti zilizofuata ziliongeza jambo lenye uzito zaidi kwa mada yetu: neumayeri wa kinamasini wana matamvua makubwa kuliko neumayeri wa mikondo ya jirani yenye oksijeni nyingi. Spishi ni moja na umbali kati yao ni mdogo, lakini miili imetofautiana.

Hapa ndipo pingamizi la kawaida linapohitaji jibu. Mshauri wa sera anaweza kusema kwamba neumayeri, apleurogramma na paludinosus wako katika orodha ya spishi zisizo hatarini, kwamba paludinosus anapatikana kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, na kwamba kukausha kinamasi kimoja hakumwondoi duniani. Ni kweli kuhusu jina. Kuhusu samaki si kweli sana. Kundi lenye matamvua makubwa likipotea, halirudishwi kwa kuleta ndugu zake wa mkondoni ndani ya ndoo. Aidha, utafiti wa vinasaba wa mwaka 2017 uliomshirikisha Dorothy Wanja Nyingi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya umeonyesha kwamba ndani ya majina yanayofahamika ya barbasi wa Kenya kuna makundi yaliyotengana ambayo hayajapewa majina. Orodha ya spishi zisizo hatarini huhesabu majina. Haiwezi kuhesabu lisilo na jina.

5.0 Sangara na kimbilio la Nabugabo

Sangara aliingizwa Ziwa Viktoria kuanzia katikati ya miaka ya 1950, mwanzoni bila tangazo, kisha rasmi mwaka 1962 na 1963. Mjadala uliotangulia kuingizwa kwake ulikuwa wa kisayansi na mkali. Geoffrey Fryer alipinga katika makala yake ya 1960. Mwaka uliofuata A. M. Anderson akaunga mkono. Upande wa waliounga mkono, furu walionekana kama nyama isiyo na kazi ambayo sangara angeigeuza kuwa samaki wa kuuzika. Mtazamo wa bei uliofunga macho ya takwimu ndio huo huo uliofungua mlango wa ziwa. Yaliyofuata katika miaka ya 1980, sangara kujaa na furu kutoweka kwa mamia ya spishi, yameelezwa mahali pengi na hatutayarudia.

Ziwa Nabugabo ni dogo, liko magharibi mwa Ziwa Viktoria karibu na Masaka, na limetengwa nalo kwa ukanda wa mchanga kwa miaka ipatayo elfu kadhaa. Sangara aliingizwa humo mwaka 1960 na 1963. Kwa hiyo Nabugabo likawa, bila mtu kukusudia, jaribio la kulinganishwa: ziwa dogo lenye historia ya uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge tangu miaka ya 1930, lililopewa mla samaki yule yule. Richard Ogutu-Ohwayo aliporudi kulichunguza alikuta samaki wengi wa asili wametoweka katika maji ya wazi. Kisha mwaka 1996 yeye, Lauren Chapman na wenzao wakachapisha matokeo ya kutafuta mahali ambapo watafiti wa uvuvi hawakuwa na mazoea ya kutega: ndani ya majani ya kingo, kwenye vijia vya maji vya kinamasi, na katika vijiziwa vya jirani visivyo na sangara. Sehemu ya samaki waliodhaniwa kupotea walikuwa huko, barbasi wakiwamo.

Sababu ni oksijeni ile ile aliyoipima Carter. Sangara ni samaki wa maji yenye hewa nyingi. Mwili wake mkubwa hauvumilii maji meusi, na kadiri anavyoingia ndani ya mafunjo ndivyo anavyodhoofika. Barbasi mdogo anavumilia. Kinamasi kikawa ukuta ambao anayeliwa anaupenya na mlaji hawezi kuupenya. Tunapenda kulisema hili kwa lugha ya mhandisi, kwa kuwa ndiye anayekaa mezani tunapokaa sisi: mafunjo yalifanya kazi ambayo hakuna bajeti ya serikali yoyote ya kanda hii iliyowahi kuilipia, na yaliifanya kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya mtu kuandika kwamba inafanyika.

Uganda ilikuwa na bahati ya wakati. Mwaka 1986 serikali ilisimamisha ukaushaji mkubwa wa vinamasi, mwaka 1988 ikajiunga na Mkataba wa Ramsar, na mwaka 1995 ikapitisha sera ya taifa ya ardhi oevu. Mfumo wa Nabugabo uliingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2004. Lakini amri ya 1986 ilikuja baada ya mabonde ya Kigezi kufanyiwa kazi tangu miaka ya 1940 na 1950, na vinamasi vyake vingi vya mabondeni kugeuzwa mashamba na malisho. Mabonde kama hayo ya Rwanda na Burundi yamelimwa kwa mifereji vivyo hivyo. Hatusemi kwamba wakulima hao walikosea. Njaa ya ardhi katika milima hiyo ni ya kweli. Tunasema tu kwamba hakuna aliyetega neti kabla ya jembe.

6.0 Yala, au tofauti kati ya kimbilio na njia

Kinamasi cha Yala, kwenye milango ya mito Yala na Nzoia, kinakadiriwa kuwa na hekta 17,500. Ndani yake mna maziwa matatu: Kanyaboli, Sare na Namboyo. Katika miaka ya 1960 hadi 1970 hekta zipatazo 2,300 zilikaushwa kwa kilimo. Mto Yala, ambao zamani ulipitia Ziwa Kanyaboli kabla ya kuingia kinamasini, ulielekezwa kwingine kwa mfereji, na tuta likajengwa. Kanyaboli likabaki ziwa lililotengwa na mto wake.

Katika maandishi ya uhifadhi Kanyaboli husifiwa, na kwa haki. Sangara hakufika humo. Ngege wa asili, ambaye karibu atoweke katika ziwa kubwa, bado yupo Kanyaboli, na furu kadhaa wako pamoja naye. Les Kaufman na Peter Ochumba waliandika juu ya mabaki hayo mwaka 1993. Tangu hapo neno "kimbilio" limekuwa likitajwa kila Yala inapojadiliwa, na limetumiwa na pande zote mbili: na wanaotaka kinamasi kiachwe, na pia na wanaosema kwamba inatosha kuyalinda maziwa matatu na ukanda wa kando yake huku kinachobaki kikilimwa.

Ni hoja hii ya pili inayotutia wasiwasi, na ni hapa historia ya barbasi inapotofautiana na historia ya ngege. Ngege na furu hutaga ziwani. Ukiwapa ziwa lisilo na sangara umewapa maisha kamili. Samaki aliyeelezwa na Corbet na Welcomme hapewi maisha kamili na ziwa. Anahitaji kinamasi cha kujificha wakati wa kiangazi, mkondo wa kupanda wakati wa mvua, na majani yaliyofurika ya kutagia, tena anahitaji vitu hivyo viwe vimeunganishwa katika majuma yale hasa mafuriko yanapokuja. Tuta linalomzuia sangara linaweza kumzuia adel vile vile. Ukanda wa mafunjo wa mita kadhaa kuzunguka ziwa ni kimbilio la mmoja na kifungo cha mwingine. Sera inayotumia neno moja kwa mambo hayo mawili itahifadhi samaki mwenye jina sokoni na kumpoteza jirani yake huku ikiamini imefaulu.

Ulinganisho mmoja kutoka Kongo unafaa hapa. Katika mapango ya Mbanza-Ngungu, iliyoitwa Thysville wakati wa Wabelgiji, yupo barbasi kipofu asiye na rangi, Caecobarbus geertsii, aliyeelezwa na Boulenger mwaka 1921. Ameingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Anajulikana, ana sheria, ana wanaomfuatilia. Alipata hayo yote kwa kuwa wa ajabu: macho yake yaliyotoweka yalivutia macho ya wengine. Ndugu zake wa mafunjoni wana ajabu yao pia, lakini imejificha ndani ya matamvua, na matamvua hayaonekani katika picha.

7.0 Jina na safu

Tuliahidi kurudi kwenye jina. Jumuiya ya Afrika Mashariki imekikubali Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi, na kazi ya kuandaa nyaraka za pamoja za uvuvi na ardhi oevu kwa Kiswahili itaongezeka. Istilahi zilizopo zimefuata soko: sangara na sato hazihitaji maelezo popote kati ya Kisumu, Mwanza na Jinja. Mfasiri akifika kwa barbasi wadogo ana njia tatu: aache Kilatini, aseme "samaki wengine wadogo", au achukue neno la lugha jirani. Njia ya pili ndiyo rahisi, na ndiyo inayowafuta. Sisi tumetumia barbasi kwa sababu linaelekea kwenye maandishi ya kisayansi ya zamani na ya sasa, lakini tungeridhika zaidi iwapo kamati ya istilahi ingekusanya majina ya Kijaluo, Kiluhya, Kiganda, Kisoga na Kisukuma kutoka kwa wanawake na wavuvi wa vijitoni kabla ya kuamua. Majina hayo huenda yakatenganisha aina ambazo Boulenger aliziunganisha.

Kuhusu safu katika jedwali, kudai kwamba barbasi wapimwe kwa kilo mwaloni kungekuwa kurudia kosa la awali kwa nia njema. Hawaji mwaloni. Kipimo kinachowafaa ni cha kuwapo au kutokuwapo, katika kivuko kinachojulikana, katika majuma mawili ya kwanza ya mafuriko ya masika na ya vuli, mwaka hadi mwaka. Kazi hiyo haihitaji meli ya utafiti. Inahitaji mtu mmoja wa kijiji, neti ya mkono, ndoo na daftari, pamoja na ofisi iliyo tayari kupokea daftari lisilo na kilo ndani yake. Katika tuta la Kanyaboli swali la kwanza la daftari hilo ni jepesi, na linaweza kujibiwa mwezi wa Aprili katika siku chache: je, adel wanaopanda na maji mapya wanafika upande wa pili?